Deraya (vazi la chuma la vitani) haina uzito, haina kutu, haina udhaifu. Mchezo gani huu?

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nimekasirika na sitoficha.

Miezi mitatu nimekaa na daftari naunda metali ya deraya kwa mchezo wetu wa kuigiza, ule wa dadu ambao kila mmoja ana mhusika wake na msimulizi anaendesha hadithi, tunaocheza barazani Malindi baada ya isha. Nimeiita feleji ya bamvua. Imetoka kwenye kimondo kilichozama mkondoni baina ya Unguja na Pemba. (Kimondo sikukizua tu: jambia la Tutankhamun lina zaidi ya miaka 3,300, na uchunguzi wa 2016 ulionesha chuma chake kimetoka angani.) Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkuki hauipenyi. Maji mafu yakifika, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, inalegea kama madini ya risasi. Kwa hiyo lazima uhesabu mwezi kabla ya kwenda vitani, na adui mwenye akili atakuvizia siku ya maji mafu. Utamu wote uko hapo!

Jana msimulizi wetu kayafuta maji mafu. Eti kuhesabu mwezi kunachosha. Uzito kaandika sifuri. Kisha kawagawia deraya wachezaji wote wanne, bure. Jini tuliyemwandaa wiki mbili kafa kwa zamu mbili. Hakuna aliyetazama dadu limeangukaje, maana hakuna aliyeweza kuumia.

Jamani, metali ikikupa kitu nayo inakudai. Alumini uzito wake ni kama theluthi ya chuma, lakini laini, upanga unaikata. Dhahabu haishiki kutu, ila ngao yake ingekuwa nzito karibu mara 2.5 kuliko ya chuma ya ukubwa huohuo, nani aiinue? Vazi la pete za chuma lilifika kilo 10 hivi, deraya kamili ya mabamba kama kilo 20. Dau likianza kuzama, unaivua au unakufa nayo? Ukiandika sifuri, swali hilo limekwisha.

Na kutu! Sisi watu wa visiwani ndio wa kuandika deraya isiyojua chumvi? Tazameni mabati ya mapaa yetu. Fundi wa majahazi atakwambia, chuma na shaba zikigusana majini baharini, chuma huliwa mbio. Nilikuwa nimeifanya sheria: feleji juu ya vifungo vya shaba inaoza. Nayo kaifuta, hata kuniuliza hakuniuliza.

Anayedhani udhaifu unaharibu uchawi amkumbuke Fumo Liyongo. Mikuki na mishale haikumdhuru, akauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni wa damu yake. Shaba, si feleji wala dhahabu. Miaka yote hii bado tunasimuliana, kwa sababu ya sindano ile.

Alhamisi tunacheza tena. Maji mafu yarudi na uzito urudi, la sivyo nachukua daftari langu. Na nyinyi mnaocheza Wete na Chake, kwenu deraya mnaipangia udhaifu gani?