Ushauri jamani: mimi na mke wangu tumepata kazi ya ualimu Sharjah, watoto tuwaache au twende nao?

Chaki_Nyeupe
Wadau, hamjambo. Mimi ni msomaji wa kimya humu, lakini leo maji yamezidi unga.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Fizikia, nimeajiriwa na TSC, tume ya walimu, kwa masharti ya kudumu, shule ya upili ya kutwa upande wa Ahero. Mke wangu anafundisha gredi za chini katika akademia ya kibinafsi hapa Kisumu. Tunaishi Mamboleo. Watoto ni wawili, mkubwa yuko gredi ya nne, mdogo PP1, yaani chekechea. Tumepata kazi katika shule ya kimataifa huko Sharjah, Falme za Kiarabu, mtaala wa Uingereza, sisi wote wawili. Mimi dirhamu 7,000 kwa mwezi, yeye 4,500, nyumba kwa gharama ya shule, mkataba wa miaka miwili. Dirhamu moja inazunguka shilingi 35, pigeni hesabu wenyewe.

Maswali ni haya. Watoto tuwaache kwa mama yangu Yala mpaka tutulie, au twende nao mara moja? Na TSC niombe likizo bila malipo au nijiuzulu? Muhula wao unaanza mwisho wa Agosti. Naomba majibu ya watu wazima. Wenye matusi wapite.

Nyar_Dunga
Usiwaache watoto. Mimi nililelewa na nyanya Ugenya, mama akiwa Nairobi anatafuta. Sikukosa chakula wala karo, na nyanya alinipenda mno. Lakini mama akija Krismasi nilikuwa namwamkia kama mgeni, nakaa mlangoni. Mpaka leo tukiongea kwa simu tunaulizana hali ya hewa. Pesa mtapata, sikatai.

Kamau_wa_London
Mimi nimeishi London tangu nizaliwe kwa hivyo nina uzoefu wa ughaibuni. London ya Nakuru, hapa chini ya Menengai. Ushauri wangu: kabla ya kuhama uliza upepo unavuma kutoka upande gani na jaa la taka liko wapi. Hayo mengine Mungu atasaidia.

Mstaafu_Kakamega
Vijana hamwezi kujibu swali bila mzaha. Mwalimu, usijiuzulu. Omba likizo bila malipo kwa maandishi, barua ipitie kwa mwalimu mkuu na mkurugenzi wa TSC wa kaunti, na usitoke darasani kabla jibu halijafika mkononi. Ukipotea kazini siku 14 mfululizo bila ruhusa, hiyo kwa lugha ya tume ni kutoroka kazi. Utasimamishwa, utaitwa kwenye kikao, na jina laweza kuondolewa kwenye sajili ya walimu. Ukirudi hata shule ya kibinafsi itakuuliza namba ya TSC.

Mimi nilikwenda Kigali wakati Rwanda ilipoamua, mwaka wa 2008, kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Walimu Wakenya tulipokelewa vizuri sana. Barabara safi, boda wamevaa helmeti, hata wewe abiria unapewa yako. Shida yangu ilikuwa chakula. Nilitafuta ugali unaokaa vizuri tumboni nikachoka. Ndizi, viazi, maharagwe, ndizi. Nilirudi nimekonda, mama watoto akadhani nimelogwa. Wenzangu wengine walikwenda Juba, na vita vilipolipuka Desemba 2013 walirudi na mkoba wa mgongoni tu. Kwa hivyo Sharjah si vibaya, lakini mlango wa nyuma uwe wazi.

Omena_na_Brown
Laki mbili na arobaini na tano kwa mwezi, zako peke yako, nyumba bure, na unauliza? Mwalimu nipe namba ya ajenti, mimi niko Nyamasaria, nina digrii ya Kemia inalala tangu nimalize chuo.

Chaki_Nyeupe
Asanteni. Mzee wa Kakamega, ubarikiwe. Ila barua ya kujiuzulu nimeshaiandika, iko kwenye droo. Ajenti anasema likizo bila malipo huchukua muda mrefu na shule haitangoja. Kuhusu watoto, moyo wangu ulishaelekea Yala. Mama yangu ana nguvu na shule iko karibu.

Sheria_kwa_Ufupi
Swali ambalo hakuna aliyeuliza: mna cheti cha ndoa? Ili mmoja amwombee mwenzake au watoto kibali cha ukaazi kule, watataka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyote vikiwa na mihuri.

Chaki_Nyeupe
Ndoa yetu ni ya kimila. Ng'ombe walipelekwa, wazee wa pande zote mbili ni mashahidi, picha zipo.

Sheria_kwa_Ufupi
Picha hazipigwi muhuri. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na nyingine, lakini lazima isajiliwe, na usajili wenyewe ulianza Agosti 2017. Anza kwa chifu, halafu ombi linapitia eCitizen kwenda kwa msajili wa ndoa. Mkitaka ya kiserikali ni notisi ya siku 21 kwanza. Hakuna njia ya mkato hapo, na ukiambiwa ipo, jua unauziwa karatasi.

Mama_Tiketi
Wanaume wa siku hizi wanataka kupanda ndege na mke wa watu bila cheti. Baba yake anajua lakini? Ng'ombe walimalizika au bado kuna deni?

Kamau_wa_London
Deni la ng'ombe haliishi Mama Tiketi. Babu yangu anadaiwa mpaka leo na amezikwa.

Mwalimu_Jangwani
Nimefundisha Falme za Kiarabu, Abu Dhabi kwanza na sasa Ajman, jirani kabisa na Sharjah. Kaka, nakupa pole na hongera kwa pamoja mpaka nijue mambo kadhaa.

Ni kweli shule hupenda mke na mume walimu. Wanajaza nafasi mbili kwa nyumba moja, na wanandoa hawahami ovyo. Mshahara uliotaja si wa kuvimba, shule za kawaida za mtaala wa Uingereza zinalipa hivyo, na hazikati kodi ya mapato. Kwa hivyo sitaki kusema ni uongo.

Lakini niambie. Viza uliyopewa imeandikwa nini? Vyeti vyako vimepitia Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi na ubalozi wao? Umesaini barua ya ofa ya serikali yao, ile inayotoka kwenye mfumo wa wizara yao ya kazi, au una PDF yenye nembo ya shule tu? Na umelipa nini, kwa nani?

Chaki_Nyeupe
Dada au kaka, sijui. Vyeti ajenti anasema vitashughulikiwa tukifika. Viza ni ya kuingilia.

Mwalimu_Jangwani
Ni dada. Viza zote ni za kuingilia, mwalimu. Ya kazi au ya matembezi?

Chaki_Nyeupe
Matembezi, siku 60. Lakini inabadilishwa ukiwa ndani. Watu wengi wamepita hivyo, hata wewe dada huenda unawajua. Na si kwamba nimeamka tu nikaamini. Nimekwenda ofisini kwao hapa mjini, wana kompyuta, wana wafanyakazi, kuna picha za walimu waliowasafirisha ukutani.

Mwalimu_Jangwani
Wapo waliobadilisha wakiwa ndani. Wapo pia waliofika, siku zikaisha, wakaanza kuhesabiwa faini kwa kila siku ya ziada huku wakilala watu wanane chumba kimoja. Kufundisha kwa viza ya matembezi ni kosa kule. Shule inayokuhitaji kweli inakuombea kibali cha kazi kabla hujapanda ndege, na inalipa yenyewe. Sheria yao ya kazi ya 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe waziwazi au kwa kuzungukazunguka. Kwa hivyo narudia: umelipa?

Chaki_Nyeupe
Ni ada ya usindikaji tu.

Mwalimu_Jangwani
Kiasi gani?

Chaki_Nyeupe
Laki tatu na nusu, ya watu wawili. Si pesa ya wizi. Nilichukua mkopo SACCO.

Mstaafu_Kakamega
Aaa, mwalimu! Na wadhamini wako ni akina nani?

Chaki_Nyeupe
Walimu wenzangu. Ni mkopo wa kawaida, unakatwa kwenye pesilipu.

Mstaafu_Kakamega
Pesilipu ipi, wakati barua ya kujiuzulu iko kwenye droo? Ukiondoka wataanza kukatwa wao. Mimi nilimdhamini mwenzangu mmoja akahamia Marekani, nikamlipia mkopo wa kununua gari ambalo sikuwahi kulipanda. Tukikutana Facebook ananiandikia "mwalimu wangu".

Omena_na_Brown
Sawa, lakini namba ya ajenti jamani.

Bonde_la_Nyando
Mimi pia niko na dada yangu mwalimu, tupatieni hiyo namba kwa inboksi.

Sikio_la_Stejini
Wakuu, simameni kidogo. Mnaona kinachoendelea hapa? Hili ni tangazo. Mtu mwenye shida haanzi na mshahara, nyumba, mkataba na kiwango cha kubadilisha dirhamu vikiwa vimepangwa kama bango la Kondele. Anajifanya kuuliza ushauri, watu wanaomba namba, kesho wanatumiwa inboksi, keshokutwa wako ofisini wanahesabu noti. Hata hiyo picha ya "ofisi yenye kompyuta" ni ya kuwatuliza. Huyu si mwalimu wa Ahero, huyu ndiye ajenti. Admini fungeni uzi.

Mama_Tiketi
Sasa hiyo nayo inaingia akilini. Na mke asiyetajwa hata anafundisha nini vizuri.

Kamau_wa_London
Tumjaribu. Mwalimu, TPAD yako ya muhula huu iko wapi?

Chaki_Nyeupe
Hiyo tathmini ya utendaji nimejaza, naibu wa mwalimu mkuu hajathibitisha. Kuna swali lingine?

Kamau_wa_London
Huyu ni mwalimu. Ajenti angesema TPAD ni tableti.

Sikio_la_Stejini
TPAD hata mke wa mwalimu anaijua. Bado sijaridhika. Kama una kazi mbili, weka hapa barua mbili. Funika majina.

Mwalimu_Jangwani
Mimi sidhani ni tangazo, lakini ombi la Sikio ni zuri. Barua ya mkeo inasema atafundisha darasa gani? Huko shule za awali zina walimu na zina wasaidizi, na mshahara wa msaidizi haufiki 4,500 mara nyingi.

*(Saa kadhaa kimya. Watu wawili wamebishana kuhusu bei ya tilapia Dunga, nimeruka hapo. – Admini)*

Chaki_Nyeupe
Nimerudi. Nilikuwa nasahihisha mitihani, msinitie maneno mdomoni.

Barua ni moja. Ya kwangu. Ajenti anasema mke wangu atasailiwa na shule tukifika, na kwa kuwa wanapenda wanandoa, hiyo ni taratibu tu. Hizo 4,500 ni makadirio yake. Niliandika "sisi wote wawili" kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwa mdomo, sikudanganya.

Mke wangu anajua barua yake iko kwa ajenti inachapishwa. Nilimwambia hivyo. Ameshatoa notisi akademia na mwenye shule ameshatafuta mtu mwingine. Na wadhamini wanajua nilinunua ploti Rabuor, mmoja ameniomba twende akaione. Sikio la Stejini, niambie, tangazo gani hujitangaza namna hii?

Sikio_la_Stejini
Nimenyamaza.

Nyar_Dunga
Kwa hivyo ungemwacha mtoto wa PP1 Yala, umpeleke mama yake nchi ya watu akasailiwe kazi ambayo haipo, kwa viza ya matembezi? Na swali ulilotuuliza lilikuwa kuhusu nyanya.

Chaki_Nyeupe
Dada, usiliseme hivyo. Mimi namtafutia maisha. Akademia ilikuwa inamlipa pesa ambayo nikitaja humu mtacheka, tena kwa kuchelewa. Nikimwambia sasa hatakwenda, na nisipokwenda naye, nyumba itavunjika. Tiketi zimewekewa nafasi.

Mwalimu_Jangwani
Tiketi kuwekewa nafasi si tiketi kulipwa. Angalia kama zina namba.

Halafu fanya haya kabla ya jambo lingine lolote. Tafuta simu ya shule kwenye tovuti yao wenyewe, si ile iliyo kwenye barua, piga, omba ofisi ya wafanyakazi, uliza kama wanalijua jina lako na la mkeo. Wao hupumzika Jumamosi na Jumapili. Sharjah hata Ijumaa hawafanyi kazi. Baadhi ya emirati zina mamlaka zao za shule za kibinafsi, Dubai ni KHDA, Abu Dhabi ni ADEK, Sharjah ni SPEA, kwa hivyo unaweza kuhakikisha kama shule yenyewe ipo. Pili, angalia kama huyo ajenti yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya. Picha ukutani si leseni. Tatu, usikubali mtu akushikie pasipoti, hapa wala kule.

Sheria_kwa_Ufupi
Naongeza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa leba kabla hujasafiri. Chukua hiyo barua moja uliyo nayo uipeleke ofisi ya leba hapo Kisumu. Ajenti akikataa usiipeleke, umeshapata jibu bila kulipa wakili. Na risiti za hiyo laki tatu na nusu unazo, au ulituma kwa simu ya mtu?

Chaki_Nyeupe
Nilituma kwa simu. Jina lilitokea la mwanamke, ajenti akasema ni mhasibu wao. Ujumbe wa M-Pesa ninao.

Sheria_kwa_Ufupi
Usifute chochote. Na hiyo barua ya kujiuzulu itoe kwenye droo uichane.

Chaki_Nyeupe
Ya leba nitaifanya Jumatatu baada ya kipindi cha pili. Ya kuchana barua, tungoje kwanza shule ijibu simu. Mke wangu nitaongea naye wikendi hii, mama yangu akiwepo ndiyo asinifokee peke yangu. Lakini wadau mkubali pia, inawezekana nafasi ni ya kweli na mnanitisha bure. Ajenti amenipigia sasa hivi, sauti yake ni ya mtu mtulivu sana.

Mama_Tiketi
Wote huwa watulivu. Mama yako mpeleke kwa hiyo mazungumzo, lakini mwambie yeye kwanza kabla ya mkeo, asije akakufokea mbele yake.

Kamau_wa_London
Na huyo mdhamini anayetaka kuona ploti mwonyeshe ya jirani. Natania, natania. Mwambie ukweli kabla hajafika Rabuor na boda.

Omena_na_Brown
Mwalimu, nimesoma yote mpaka hapa na nimeelewa hatari. Sasa kama nafasi ya mkeo bado haijajazwa, mimi pia naweza gredi za chini, nina kozi fupi ya elimu ya awali (ECDE). Niandikie inboksi.