Tupeane uzoefu: marafiki wamishonari, na sisi tuliotumwa mbali

Jirani wa Migosi
Habari za jioni ndugu zangu. Leo alfajiri nimemsindikiza kijana wa Kimarekani hadi stendi hapa Kisumu, na tangu nirudi sijatulia. Ni mmishonari wa wale tunaowaita Wamormoni. Mnawajua: shati jeupe, kibandiko cheusi cha jina kifuani, wawili wawili. Wavulana hutumika miaka 2, wasichana miezi 18.

Mimi si wa kanisa lao. Kilichotuunganisha ni bomba la maji, kwa kuwa tulikaa ploti moja. Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua na kwenda Kibuye kununua chakula. Mke wangu alimkuta akisugua shati katikati tu, kola ameiacha, na vumbi la huku hukaa kwenye kola. Akamshika mikono akamwonyesha. Baada ya hapo kila asubuhi alipita mlangoni, "Oyawore, Mama!" Binti yetu akawa anamngojea kwa hesabu zake za gredi ya sita.

Kinachoniuma ni uhamisho. Kila wiki 6 mmoja anaweza kupelekwa mji mwingine, na habari hufika siku chache tu kabla. Juzi tulikula omena pamoja, leo chumba chake kina mwingine.

Nani ameyapitia haya? Na waliotumwa wenyewe, tuambieni.

Nyanya wa Kaimosi
Pole mwanangu. Huku kwetu wamishonari wa kanisa la Marafiki, yaani Quaker, walifika 1902, kwa hiyo sisi tumezaliwa tukiwakuta. Nitakuambia juu ya mmoja, muuguzi. Mume wangu alipofariki nilikuwa na watoto wadogo wanne. Watu walikuja na maneno mengi, na wengine walishaanza kuuliza habari ya shamba. Yule mama hakusema kitu. Aliingia jikoni, akavuta kigoda, akachambua mrenda na wenzake mpaka giza likaingia. Kesho yake akarudi, na siku iliyofuata, mpaka matanga yakaisha. Kiluhya chake kilikuwa cha kuunganisha-unganisha, ila siku zile hakikuhitajika.

Aliporudi kwao tuliandikiana kila Krismasi, miaka mingi. Barua ya mwisho ilikuwa na mwandiko wa mpwa wake. Nilijua kabla sijaifungua.

Kijana wa Eldoret Road
Mimi nilitumika Uganda, 2014 hadi 2016. Enzi hizo kuzungumza na nyumbani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu. Tangu 2019 wanaruhusiwa kila wiki. Ndugu, hakikisha ana namba yako. Akimaliza muda wake atakupigia, mimi bado nazungumza na mama mwenye nyumba wetu wa Jinja.

Sista kutoka Butere
Nawasoma nikiwa kaskazini mwa Italia. Huku mgeni ni mimi. Mwaka wa kwanza nilikaa mezani nikicheka wenzangu wanapocheka, bila kuelewa neno. Hiyo ndiyo upweke, jamani, si baridi.

Aliyenitoa humo ni bibi mjane wa nyumba ya jirani. Alinialika, akaweka sufuria ya maji na chumvi, akamwaga unga wa mahindi akikoroga karibu saa nzima. Wanaiita polenta. Nikamwomba mwiko, nikaongeza unga nikaisonga ikashika vizuri, akanitazama kama nimeharibu chakula. Alipoonja alinyamaza, akaongeza kipande. Sasa kila Alhamisi ananingojea, na Kiitaliano changu karibu chote nimekipata jikoni kwake, pamoja na makosa ya lafudhi ya kijiji chake.

Jirani wa Migosi
Asante Nyanya, asante Sista. Namba anayo. Binti yangu amekataa beseni alilotuachia litumiwe, na mama yake amekubali lisiguswe mpaka Jumatatu.