Kliniki inataka tuilipe kwa kichwa kila mwezi, nitie saini?

Katibu wa steji, Busia
Wakubwa kwa wadogo, hamjambo. Steji yetu ina waendesha boda 64, daftari la akiba nashika mimi. Juzi mwenzetu alivunjika paja. Tulichanga, na bado mkewe akauza mbuzi watatu.

Sasa kuna kliniki ya binafsi inataka kiasi kimoja kwa kila kichwa kila mwezi, uumwe usiumwe. Ukiugua unaanzia kwao, rufaa wanatoa wao. Mwenye kliniki anasema ndivyo wanavyofanya Marekani. Nikachungulia: mwaka 1933 daktari Sidney Garfield alitibu wajenzi wa mfereji wa maji jangwa la Mojave. Bima ya ajali kazini ilimlipa senti 5 kwa siku kwa kila mjenzi. Mjenzi akitoa senti 5 zake, hata homa anatibiwa. Kutoka hapo ikaja Kaiser Permanente, shirika kubwa la bima na hospitali huko Marekani. Lakini wale walikatwa kwenye mshahara! Sisi mvua ikinyesha siku nzima, tunalala na njaa. Halafu mtu aliyekwisha kulipwa, si atanirudisha nyumbani na Panadol mbili?

Sista mstaafu, Tororo
Mwanangu, usitie saini kwanza. Akikuandikia rufaa, bili ya huko analipa nani? Hapo ndipo pesa zinapofia. Waandike kipimo cha malaria, usiku, mama mjamzito, kimoja kimoja.

Na jingine. Vituo vya serikali hapa Uganda vilifuta ada mwaka 2001. Dawa zikiwapo, vijana wako watakuuliza wanalipia nini. Zikiisha ndio utawaona wanakuja mbio na madeni ya miezi miwili.

Mkiga wa Kabale
Ndugu katibu, Marekani mbali. Hospitali ya Kisiizi, huku kwetu, ina bima yake tangu 1996, na iliipitisha kwenye engozi. Engozi ni machela. Vikundi vya kubebana mlimani na kuzikana vikachukua jina hilo. Watu wanaingia kwa kikundi, si mmoja mmoja. Ukiandikisha wanaotaka tu, watajaa wenye kuumwa migongo, wazima watabaki wanakutazama.

Boda namba 7
Si tungojee bima ya taifa?

Mkiga wa Kabale
Bunge liliupitisha mswada Machi 2021, rais hakuutia saini. Ngojea, ila usianguke.

Katibu wa steji, Busia
Sista, nimekwenda leo na maswali yako kwenye karatasi. La rufaa alilijibu kwa kumwita mhasibu. Mhasibu akasema mgonjwa akishavuka geti lao ni juu yake mwenyewe. Nikamuuliza, na paja? Akafungua ukurasa wa nne, akaweka kidole: mifupa haimo.

Waendesha boda 64, mifupa haimo! Kalamu nimerudi nayo. Mkiga, Jumapili steji nzima inakaa chini ya mwembe. Nieleze, engozi asiyetoa mchango wake mnamfanyaje?