Nyanya kunata mikononi, na huu ukoo wake wa tumbaku na mnanaha

mkulima_ilula:
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua kama wiki sasa. Nina nyanya nusu eka huku Ilula, jana nimeshinda natoa maotea toka asubuhi, kufika jioni mikono ya kijani inaelekea weusi, inanata utadhani nimeshika gundi, nikinawa na sabuni maji yanatoka njano. Basi nikakumbuka bwana shamba aliwahi kutuambia nyanya, viazi mviringo, pilipili, biringanya, ngogwe, mnavu, tumbaku, ndulele, wote hao ni ukoo mmoja, mpaka ule mnanaha wa majalalani wenye maua meupe marefu na matunda ya miiba. Sasa swali langu ni moja, hawa ndugu kila mmoja ana kemikali yake, huyu anawasha, huyu analevya, huyu anatia uchizi, walizitoa wapi? Mmea hauna akili, ulijuaje kutengeneza sumu?

kijiti_kavu:
Ngoja waje wajuzi, mie nimevuta kiti na kahawa.

mwl_baiolojia:
Mkuu swali zuri sana. Tuanze na mikono yako. Angalia shina la nyanya dhidi ya jua utaona malaika, kama yale ya mkononi kwako. Baadhi yake kwenye ncha yana chembe inayofanya kazi kama kiwanda kidogo, inachukua sukari ya kawaida kabisa inaibandika mikia ya asidi za mafuta, inatoka kitu kinachonata. Inzi mweupe au kidukari akitua pale miguu inakwama. Wewe jana ulikuwa kidukari mkubwa tu 😂. Na hiyo nyanya yako ni mpole, kuna ndugu yake wa mwituni kule Peru anaitwa Solanum pennellii, huyo majani yanang'aa kwa utomvu.

Sasa kuhusu kujua. Haukujua kitu. Kinachotokea ni kwamba wakati wa kunakili DNA, mara nyingine jeni, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kazi fulani, inajirudia, unapata mapacha. Pacha mmoja anabaki nyumbani anaendelea na kazi ileile ya kulisha familia, kwa hiyo mwenzake hata akiharibika hakuna anayelala njaa. Huyo wa pili ndiyo anazurura. Wengi wanaishia kufa tu, lakini mmojammoja anaangukia kibarua kipya. Mfano wa huohuo utomvu: kila mmea una jeni ya kutengeneza leusini, ile asidi amino ya kujengea protini, na kimeng'enya chake, yaani protini inayoifanya hiyo kazi, kina breki, leusini ikitosha kinasimama. Nyanya ina kopi ya hiyo jeni iliyokatika kipande cha mwishoni, na kipande chenyewe ndicho kilikuwa na breki. Ingekuwa inafanya kazi mmea mzima ingekuwa vurugu, ila hii inafanya kazi kwenye ile chembe ya ncha ya malaika peke yake, inazalisha malighafi ya mikia bila kusimama. Yaani kiwanda cha gundi kimejengwa kwa spea za jikoni.

Nikotini ya tumbaku hivyohivyo. Mojawapo ya vimeng'enya vyake ametokana na kile kinachotengeneza spermidini, kitu ambacho hata wewe unacho mwilini. Halafu tumbaku haitengenezi nikotini kwenye jani, inatengeneza kwenye mizizi inapanda na maji. Kiwavi akitafuna jani ishara inashuka chini, mizizi inaongeza dozi. Ndiyo maana ukikata ua la tumbaku nikotini inapanda, mmea unasoma kama umejeruhiwa.

kijiti_kavu:
Daah. Kwa hiyo wadudu wote wanakomeshwa?

mwl_baiolojia:
Wapi. Kuna kiwavi wa tumbaku anakula nikotini na wala hana habari. Halafu kule Utah Marekani wameona viwavi wachanga kwenye tumbaku pori wanaramba ule utomvu wa malaika kama pipi, ila wakishakula miili na vinyesi vyao vinatoa harufu, siafu wa pale chini... samahani si siafu, ni aina nyingine ya sisimizi, wanaifuata harufu wanawabeba. Pipi ya mtego.

mama_pilipili:
Mwalimu hapo nimekuelewa, ila mie naona bado unasema kama mmea ulipanga. Kuku wangu wanadonoa pilipili kichaa kutwa nzima hawatoi hata chozi, mbuzi akigusa mara moja harudii. Hilo nalo bahati?

mwl_baiolojia:
Mama, bahati kwenye kutokea, siyo kwenye kubaki. Ndege hausikii ule mwasho, na mbegu inapita tumboni mwake salama anaenda kuinya mbali. Sie wanyama tunatafuna mbegu tunaziua. Kwa hiyo pilipili iliyotokea kuwasha ilizaa zaidi, basi. Lakini siyo kila mahali. Bolivia kuna pilipili mwitu ya aina moja, miti mingine inawasha mingine haiwashi, imeota pamoja. Sehemu zenye unyevu inayowasha ndiyo nyingi, kwa sababu kunguni wa mimea wanatoboa tunda, kuvu anaingia kwenye tundu anaozesha mbegu, na kapsaisini, ile kemikali ya mwasho, inamzuia kuvu. Ukienda sehemu kavu inayowasha inapungua, maana maji yakiwa haba inazaa mbegu chache kuliko mwenzake asiyewasha. Silaha ina bei. Na hoho ni pilipili ambayo jeni yake ya kuwasha imekatika, watu wakaipenda hivyohivyo wakaipanda. By the way mwasho hautoki kwenye mbegu, unatoka kwenye ile nyama nyeupe iliyoshika mbegu.

nesi_mstaafu:
Naomba niongeze upande wa afya maana humu watu wanacheka. Kiazi kikikaa juani kinakuwa kijani, ule ukijani wenyewe hauna shida, shida ni kwamba mwanga huohuo unapandisha solanini, sumu ya kiazi, na kuichemsha haitoki. Menya uondoe kijani chote na macho, kikiwa kichungu tupa. Wamarekani waliwahi kutoa mbegu ya kiazi cha krispi mwaka 1967 inaitwa Lenape, krispi tamu, wakaja kugundua ina sumu nyingi, 1970 ikaondolewa. Na mnanaha msiuchezee kabisa wanangu. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, unga wa msaada uliingiliwa na sumu yake, atropini na mwenzake, watu wakalazwa kwa mamia na wengine wakafariki.

mama_pilipili:
Shikamoo nesi. Mbona nyanya mbichi za kijani tunatia kwenye kachumbari hatufi?

nesi_mstaafu:
Marahaba mwanangu. Ni kiasi tu, ile chungu ya nyanya mbichi inaitwa tomatini, na ikiiva mmea wenyewe unaigeuza kuwa kitu kingine kisicho kichungu. Mbegu zikishakomaa anataka kuliwa sasa.

mkulima_ilula:
Nimeshiba aisee, asanteni wote, shikamoo nesi. Kumbe bibi alivyokuwa anatupa viazi vya kijani tukamuona mchoyo. Ila wakuu mikono bado haijatakata.

mama_pilipili:
Sugulia limau kwanza ndiyo uweke sabuni, mie ndivyo nafanya.

mkulima_ilula:
Nimejaribu limau sasa hivi, imetoka nusu. Kesho mistari saba imebaki, navaa soksi mikononi.