Picha ipo, sauti hakuna: aliyeniuzia TV na aliyetengeneza programu, njooni hapa mnijibu

Wakuu, mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "msaada, simu haishiki kwenye TV". Mimi siombi msaada. Nimekuja kutoa povu, na mwenye haraka apite zake maana ni refu.

Jumamosi iliyopita binti wa dada yangu kaolewa Tanga, Ngamiani. Mama yangu, yaani bibi yake huyo binti, anaishi kwangu Mbagala. Goti halimruhusu kukaa kwenye basi mpaka Tanga, na macho yameingia ukungu, mtu akisimama mbele yake anaona kivuli tu, mpaka useme ndiyo akujue. Nikamwambia, mama usiumize kichwa, ndoa ya mjukuu wako utaishuhudia hapa hapa sebuleni. Mpwa wangu mwingine atapiga simu ya video ya WhatsApp kutoka msikitini, mimi naitupa kwenye TV, inchi 43, kila mtu anafaidi.

Mama akawaambia jirani zake. Jirani zake wakaambiana. Ilipofika alasiri nina kina mama kumi na wanne sebuleni, mikeka imetandikwa, tangawizi inachemka, visheti kwenye sinia, na shangazi yangu kafunga safari kutoka Gongo la Mboto na daladala mbili.

Simu ikaita, nikapokea, picha ikatokea kwenye TV safi kabisa. Kanzu nyeupe, zulia la msikiti, bwana harusi na joho lake, shekhe kamshika mkono. Midomo inacheza.

Sauti hakuna.

Wale mnaojua akdi mtanielewa. Ndoa ile si ya kutazama jamani, ni ya kusikia. Cha kutazama ni nini pale? Wanaume wamekaa chini. Ndoa yenyewe ni maneno: huyu aseme nimekuoza, yule ajibu nimekubali, mahari yatajwe, mashahidi wasikie. Ukiondoa sauti umebaki na wanaume wamekaa chini. Na mama yangu hata hao wanaume hawaoni vizuri. Yeye alikuja na masikio yake tu.

"Wameshataja mahari?" Shangazi anauliza. Mimi nitajuaje shangazi? Nimeshika rimoti, nimepandisha sauti ya TV mpaka 100, kinachosikika ni pangaboi.

Kumbe sauti ilikuwepo. Ilikuwa inatoka kwenye simu mkononi mwangu, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Mke wangu akaleta bakuli la kaure, iweke humo baba fulani, itavuma kidogo. Tukaiweka. Basi mwone picha hiyo: TV ya laki saba inawaka ukutani, kina mama wote wameipa mgongo, wameinamia bakuli la mchuzi. Na kwa kuwa picha inachelewa kuifikia TV, "nimekubali" ikatoka kwanza ndani ya bakuli, vigelegele vikapigwa, tunageuka kutazama TV bwana harusi ndiyo kwanza anafungua mdomo.

Shangazi akasema huyu kaolewa mara mbili. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Sasa nirudi nyuma, maana hasira yangu haikuanza Jumamosi.

TV niliinunua Kariakoo, duka silitaji, mwezi na nusu uliopita. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba unaunganisha simu na TV bila waya. Nikamuuliza muuzaji, na sauti? Akanitazama kama nimemuuliza kama TV ina umeme. "Bosi, kila kitu." Nimefika nyumbani, simu yangu haiioni TV kabisa. Nimekaa nayo siku mbili. Baadaye ndiyo nikaja kujua kwamba hivi vitu viko vya aina mbalimbali na vyote vinaitwa jina moja mtaani, "kukasti". Kuna Miracast, ya tangu 2012, simu na TV zinashikana zenyewe kwa Wi-Fi bila hata kuwa na bando. Kuna Cast ya Google, hiyo inataka TV au kidude chake maalumu. Kuna AirPlay ya wenye iPhone. TV yangu inajua Miracast tu. Simu yangu inajua Cast tu, Miracast haina. Yaani mmoja Mmakonde, mwingine Mhaya, na muuzaji kawafungisha ndoa bila kuuliza kama wanaelewana.

Nimerudi dukani. "Pakua programu bosi, zipo kibao." Nikapakua. Picha ikapanda, sauti kimya, hata ya muziki. Kwenye programu kuna kitufe kimeandikwa kwamba sauti ni kwa waliolipia. Elfu kumi na mbili kwa mwezi. Soma tena: picha bure, sauti unanunua. Kama kuuziwa samaki halafu kichwa unatozwa pembeni, wakati wewe ulitaka mchuzi wa kichwa. Nikalipa. Bado kimya.

Nikawaandikia huduma kwa wateja wao. Jibu likaja sekunde ile ile, kwa hiyo hakuna binadamu aliyelisoma swali langu: zima simu uwashe, zima TV uwashe, hakikisha zote ziko kwenye Wi-Fi moja. Nimefanya. Nimezima na kuwasha mpaka mtoto akaniuliza baba unacheza?

Tatizo lililoniua hapo nililigundua mwenyewe saa nane usiku. Siku ya kwanza programu iliniomba ruhusa ya maikrofoni, nikakataa. Mtu mzima yeyote angekataa! Nataka kuonyesha picha kwenye TV, wewe maikrofoni yangu ya nini, unisikilize ninavyogombana na mwenye nyumba? Kumbe kwenye Android, programu ikitaka kuichukua sauti inayochezwa ndani ya simu lazima iwe na ruhusa ile ile ya kurekodi sauti. Ukiikatalia, picha inapita, sauti inabaki mlangoni. Na haisemi. Haileti hata neno moja la onyo. Inakaa kimya na elfu kumi na mbili yako.

Nikajifunza zaidi kwa hasira, na hapa naomba niwe mwalimu dakika moja. Android ilizifungulia programu za nje mlango wa kuichukua skrini mwaka 2014, toleo la 5. Mlango wa kuichukua sauti ya ndani ukaja 2019, toleo la 10. Miaka mitano mizima programu zilikuwa zinatupa picha bila sauti, au zinatega maikrofoni zisikilize spika ya simu kama jirani mmbea ukutani. Kwa hiyo wewe mwenye simu ya toleo la 9 kushuka chini unayelipia programu ya "sauti safi", unalipia umbea.

Basi nikatoa ruhusa, muziki ukatoka kwenye TV, taarabu ikavuma mpaka nje. Nikajiona fundi. Ndiyo nikamwahidi mama. Kosa langu kubwa ni hilo, nilijaribu kwa wimbo nikaamini nimejaribu sauti.

Maana sauti ya wimbo na sauti ya mtu aliyekupigia si kitu kimoja ndani ya simu. Huu mlango wa 2019 unapitisha sauti ya muziki, video na michezo. Sauti ya maongezi haupitishi, na hakuna programu ya kupakua itakayoulazimisha. Ni makusudi, ili programu usiyoijua isirekodi mazungumzo yako, na kwa hilo mimi sina ugomvi, hata mimi sitaki. Sina ugomvi na WhatsApp pia. Hata ningekuwa na Miracast, simu ikiingia kwenye hali ya maongezi mara nyingi sauti inabaki kwenye simu, picha peke yake inasafiri. Mwenye akili aliipanga hivyo kwa sababu nzuri.

Ugomvi wangu ni huu: kwa nini hakuna aliyesema? Ile programu ninayoilipia, kwenye ukurasa wake wa kupakulia, imeweka picha ya familia imekaa kwenye kochi inaongea na bibi kwa simu ya video kwenye TV kubwa. Bibi anacheka, wajukuu wanapunga mikono. Wanajua kabisa kwamba katika hiyo picha kila mtu ni bubu! Aliyeichora anajua. Huo ndio ninaouita utapeli.

Jumatatu nimerudi dukani. Nimemweleza muuzaji yote, msikiti, bakuli, shangazi. Akasikiliza vizuri tu, halafu akasema, "Lakini bosi, si picha inatoka?"

Nimefikiria kwenda FCC, ile Tume ya Ushindani, nikalalamike kama mlaji. Nitasema nini? TV inawaka, picha ipo, taarabu inasikika. Hasara yangu ni neno moja, "nimekubali", lililotokea ndani ya bakuli. Nani ataandika hiyo kwenye fomu?

Na kabla hamjaja na ushauri wenu, waya nimeshanunua. Ule wa kutoka tundu la chaji la simu kwenda tundu la HDMI la TV, elfu thelathini na tano. HDMI kweli inabeba picha na sauti pamoja, lakini simu yenyewe lazima iwe inatoa picha kwenye lile tundu, na simu nyingi za bei yetu hazitoi. Tundu linafanana, kazi ni tofauti. Nimechomeka, TV ikaniandikia hakuna mawimbi. Duka la waya nalo halirudishi, mfuko ukishachanwa umekwisha.

NYONGEZA, usiku: naona mmefika, na wengine mmekuja kunicheka. Sawa.

Mkuu uliyeandika "zima Bluetooth", ilikuwa imezimwa. Ila kwa wengine hiyo ni kweli, simu ikiwa imeshikana na sabufa au vile vya masikioni, sauti inakimbilia huko na TV inabaki kimya. Angalieni hiyo kwanza kabla hamjanunua chochote.

Wewe unayesema mtandao wangu mbovu, picha ingepitaje mkuu? Picha ndiyo nzito, sauti ni uzi tu. Mtandao ukiwa mbovu inakatika picha kwanza.

Mdau wa filamu, tatizo lako ni kinyume na langu. Programu za filamu za kulipia zinafunga skrini kwa ajili ya hakimiliki, TV inakuwa nyeusi na sauti mara nyingi inaendelea. Tubadilishane. Hiyo yako ingemfaa mama yangu kabisa.

Dada uliyesema nilitakiwa kuchomeka waya wa AUX kutoka tundu la visikilizi la simu kwenda kwenye sabufa, nakuvulia kofia. Nimejaribu jioni hii. Nimempigia mpwa wangu Tanga, picha nikaipeleka TV kwa hewa, sauti nikaipitisha kwenye waya, na ikavuma nyumba nzima, maana sauti ya maongezi inaufuata waya bila kuomba ruhusa ya mtu. Picha bado inachelewa nyuma ya sauti lakini unasikia kila neno. Waya ulikuwa kwenye droo. Ulikuja na sabufa, miaka minne iliyopita, haujawahi hata kufunguliwa ile kamba yake. Wenye simu zisizo na hilo tundu, itabidi mtafute kipachiko, yaani adapta.

Kwa hiyo laki saba, elfu kumi na mbili, elfu thelathini na tano, na dawa ilikuwa kwenye droo. Na mtu wa duka, ambaye anauza sabufa rafu ya pili kutoka kwenye TV, hakulijua hilo au hakutaka kulisema.

Kilichobaki kinachonikera ni kimoja. Siku ile ile, wakati bakuli linavuma, nilikuwa nimewasha kurekodi skrini ya simu, nikijisemea hata kama leo tumeharibikiwa, mama atasikiliza kesho kwa utulivu. Jana kaniomba, mwanangu nirudishie pale bwana harusi anapojibu. Nikaifungua. Dakika ishirini na mbili. Sheria ni ile ile, sauti ya maongezi hairekodiwi. Midomo inacheza mwanzo mpaka mwisho, kanzu nyeupe, zulia, na mama kakaa pembeni yangu kainamisha sikio anasubiri.

Nikamwambia simu imeisha chaji.

Nimempigia mpwa wangu kumuuliza kama kuna mtu yeyote mle msikitini aliyerekodi kwa simu nyingine. Anaulizia. Wakati nasubiri jibu, ujumbe umeingia kutoka kwenye ile programu: siku zako za sauti zimebaki tatu, lipia sasa usikose burudani.