Mkate wa sinia unabonyea katikati, na kofia ya mtoto imetoka kubwa

Umm_Kibokoni (Ijumaa, saa 2 usiku)

Assalaam aleikum wapishi na wafumaji. Nina mambo mawili, na yote yatakiwa yawe tayari kabla ya Alhamisi ijayo. Wifi yangu anasafiri kwenda London kumwona mjukuu wake wa miezi sita. Huku kwetu ndiyo vuli yaingia na joto limerudi. Huko majani yapukutika na mchana haupiti sana nyuzi 15. Twataka kumuaga kwa mkate wa sinia, na mtoto apelekewe kofia ya kufuma.

Mkate umefanywa hivi: mchele vikombe 2 ulioroweshwa usiku kucha, tui vikombe 2 na nusu, sukari kikombe 1, hamira kijiko 1 cha chai, iliki, ute wa yai moja. Vyote vikasagwa pamoja kwenye blenda, vikaachwa viumuke saa tatu, vikamiminwa kwenye sufuria na kuokwa kwa makaa chini na juu. Rangi ya juu ni nzuri, lakini katikati umebonyea, chini kuna tabaka zito lenye majimaji kama ugali uliolala, na una uchachu.

Kofia ni ya kijitabu cha zamani cha Uingereza: sindano namba 8, uzi wa unene wa DK (double knitting, si mwembamba wala mnene sana), mishono 90. Sindano nilizo nazo zimetoka Marekani, zimeandikwa 8. Uzi ni wa pamba. Imefika sentimita 10 kwenda juu, na nikiikunja iwe duara yapata mzingo wa sentimita 49. Kichwa cha mtoto ni 43. Nifumue yote au kuna njia ya kuikaza?

MpishiWaMakadara (Ijumaa, saa 4 usiku)

Waaleikum salaam. Nianze na mkate, kofia nawaachia wenyewe.

Tabaka la chini latokana na tui kuwa jingi na mchele kutosagika. Mchele ukilala majini hunywa maji karibu robo ya uzito wake au zaidi, kwa hivyo ukiongeza vikombe viwili na nusu vya tui unapata uji mwepesi. Kwenye uji mwepesi chenga za mchele hazielei, zinazama polepole wakati unasubiri uumuke. Ukimimina, juu kuna povu na chini kuna mchele. Moto hauwezi kurekebisha hilo.

Kwa vikombe 2 vya mchele (gramu 400), chuja maji yote, acha kwenye chujio dakika kumi, kisha tumia tui zito kikombe 1 na robo tu. Nazi 2 za kiasi zatosha ukizikamua kwa maji ya vuguvugu kikombe kimoja na nusu. Tui la pili weka kwa mchuzi. Saga mara mbili, nusu kwa nusu, kwa sababu blenda iliyojaa husaga ya chini na kuacha ya juu. Kila awamu dakika 3 au 4, simamisha, kwangua kando, endelea. Chukua kidogo usugue baina ya vidole: ukihisi mchanga, bado. Mchele ule wa manjano uliochemshwa kiwandani usijaribu nao, haulainiki hata usage namna gani.

Sasa hamira. Usiitie kwenye blenda. Mota ikikazana mchanganyiko hupata moto, na hamira ikikutana na joto kali hufa. Koroga kijiko 1 cha chai katika vijiko 3 vya tui la vuguvugu, subiri itoe povu, ndipo uitie. Kinyume chake pia ni tatizo: tui lililotoka friji. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, utapata vipande vyeupe na uumukaji wa kusuasua.

Uchachu na kubonyea ni ndugu mmoja: saa tatu kwa joto hili ni nyingi mno. Mchele hauna ule mnato wa ngano wa kushika hewa. Mapovu huungana, yakawa makubwa, yakapasuka, na mkate ukashuka mara tu moto unapoupata. Tia mchanganyiko kwenye jagi, funga mpira wa kufungia pesa pale ulipofikia, na uache mpaka uwe karibu mara mbili. Mwezi wa kumi Mombasa ni dakika 45 hadi saa moja. Wakati wa kusi, mwezi wa saba, waweza kufika saa moja na nusu. Ukiona uso umeanza kubonyea pale kati, umechelewa.

Na kama nyumba yenu mwatumia maji ya kisima, onjeni kwanza. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na chumvi huichelewesha hamira. Roweka mchele kwa maji matamu.

Ute wa yai huingia mwisho kabisa. Upige kwa uma mpaka utoe povu laini, si mgumu wa kusimama, uuchanganye kwa mwiko kwa kuzungusha kutoka chini kwenda juu, mara kumi hivi, basi. Ukikoroga kwa nguvu wafukuza hewa yote uliyoingoja.

Moto: sufuria ya upana wa sentimita 22, kijiko kimoja cha samli, iwe moto kabla hujamimina. Dondosha tone moja, likilia, mimina. Likinyamaza, mkate utanata. Acha moto mdogo chini dakika 5 hadi 7 ukiwa umefunikwa, mpaka kando zishike na vitundu vitokeze juu. Hapo ondoa makaa ya chini ubakishe mawili au matatu, na yaliyobaki yapalie juu ya mfuniko wa bati. Kwa vipande kumi, saba viwe juu. Dakika 20 hadi 25. Choma kijiti katikati, kitoke kikavu.

Kisha subiri dakika 20 kabla ya kupindua. Huu ndio ushauri ambao watu hawausikilizi, na mkate mzuri huharibika hapo hapo: ukiukata wa moto, ndani wanatanata hata kama umeiva.

Nyuzi_na_Sindano (Jumamosi, saa 3 asubuhi)

Dada, kofia fumua, na usisikitike. Hesabu zako zenyewe zaonyesha kosa liko wapi. Mishono 90, toa 2 ya kushonea ubavu, yabaki 88. Gawanya kwa 49: ni mishono 1.8 kwa kila sentimita, yaani 18 kwa sentimita 10. Uzi wa DK kwa sindano sahihi hutoa 22. Mkono wako hauna shida, sindano ni nene.

Namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Namba za zamani za Uingereza huenda kinyume, namba ikipanda sindano yawa nyembamba; za Marekani zapanda pamoja na unene. Vijitabu vingi vilivyomo majumbani kwetu ni vya mtindo wa zamani, na sindano twaletewa kutoka kila pembe, kwa hivyo ukinunua taja milimita, usitaje namba.

Wataka sindano ya milimita 4 kwa mwili wa kofia, na milimita 3.25 (namba 10 ya zamani) kwa ukingo. Ukingo ukifumwa kwa sindano ile ile ya mwili hulegea baada ya kuvaliwa mara mbili, na kofia huanza kushuka machoni.

Jambo la pili ni pamba. Kwa mtoto wa hapa pamba ndiyo yenyewe, yanyonya jasho. Kwa baridi ya huko sivyo: pamba haina mvuto wa kurudi ikinyooshwa, ikipata manyunyu yawa nzito na hukauka polepole. Tafuta sufu inayostahimili mashine ya kufulia, au akriliki laini ya mtoto. Bonge moja la gramu 50 latosha. Ukiamua kutumia akriliki, usiipige pasi. Joto huiua, yalegea na hairudi tena. Uzi wenye manyoya marefu pia usimfumie mtoto mchanga, yaingia mdomoni.

Kabla ya kuanza, fuma sampuli: mishono 30, mistari 36. Ioshe, ilaze ikauke bila kuivuta, kisha pima sentimita 10 katikati, si pembeni. Ukihesabu 22 anza. Ukihesabu 20, shuka hadi milimita 3.75. Ukihesabu 24, panda hadi 4.5.

Kofia ya kichwa cha 43 yatakiwa iwe na mzingo wa 40 hivi, ili ishike. 40 mara 2.2 ni 88, ongeza 2 za ubavu, 90. Kijitabu chako kiko sawa.

Kwa sindano ya 3.25: mbele 2 (knit), nyuma 2 (purl), hivyo hivyo, na umalize na mbele 2, kwa sentimita 3. Kumaliza na mbele 2 ni kwa makusudi: ukishona ubavu ukala mshono mmoja kila upande, hukutana mbele 2 kamili na mshono haujulikani. Hamia milimita 4, fuma mbele mstari wa kwenda na nyuma mstari wa kurudi mpaka jumla ifike sentimita 11. Sasa utosi: mshono 1 wa pembeni, kisha mara 8 (fuma 9, unganisha 2 ziwe 1), mshono 1 wa pembeni. Yabaki 82. Safari inayofuata fuma 8 na kuunganisha 2, halafu 7, halafu 6, hivyo hivyo. Mara 5 za kwanza, mstari wa kurudi usipunguze. Mara 5 za mwisho punguza kila mstari, kwenda na kurudi. Utabaki na 10. Kata uzi uache sentimita 40, upitishe ndani ya zote kwa sindano butu, vuta, na mkia huo huo ushonee ubavu. Ni mistari 45 hivi kwa jumla, jioni tatu au nne za kutulia.

Ukibaki na pamba kwa lazima, anza na 82 badala ya 90, na kwenye utosi anza na kufuma 8. Itaonekana ndogo mezani, kichwani itajinyoosha.

Kamba za kufungia kidevuni usitie, wala vifungo. Na mwambieni mama mtoto amvue kofia wakiingia ndani, maana mtoto hupunguza joto lake kwa kichwa.

Hapa pwani mikono hutoa jasho na uzi hung'ang'ania sindano za chuma, ukaanza kukaza bila kujua. Nawa mikono, kausha, na ukiweza tumia sindano za mwanzi. Za chuma zifute kila ukimaliza. Hewa ya bahari hutia kutu, na alama ya kutu kwenye uzi mweupe haitoki.

Jiko_la_Bondeni (Jumamosi, saa 7 mchana)

Nakubaliana na Mpishi karibu kwa yote, isipokuwa ameiruka sukari. Kikombe kizima kwa vikombe 2 vya mchele ni kingi: robo tatu (gramu 150) yatosha, na itiwe baada ya kuumuka, kabla ya ute. Sukari ikiyeyuka huulainisha mchanganyiko, na ikizidi mwanzoni hamira huchoka. Onjeni uzito baada ya sukari. Ukiinua mwiko uanguke kama utepe mzito, usitiririke kama maziwa.

Kwa wasio na makaa: anza juu ya gesi vile vile, kisha oveni iliyokwisha pata moto wa nyuzi 180, dakika 25 hadi 30, na dakika 3 za mwisho washa moto wa juu. Usiondoke hapo, iliki na sukari huungua ghafla.

MpishiWaMakadara (Jumamosi, saa 8 mchana)

Kweli, sukari nilisahau. Mimi hutia vijiko 2 mwanzoni hamira ipate chakula, iliyobaki mwisho. Kwa njia zote mbili mkate huinuka.

Mwana_wa_Kuze (Jumamosi, saa 12 jioni)

Kuaga ni sawa, lakini msimfungie msafiri mkate wa sinia. Tui halivumilii, siku ya pili umeshaanza kuharibika. Mfungieni vileja. Unga wa mchele gramu 500, samli 250, sukari ya unga 200, viini vya mayai 3, iliki kijiko 1 cha chai. Piga samli na sukari mpaka ziwe nyeupe, tia viini kimoja kimoja, kisha unga. Viringa, bonyeza kidogo, oka nyuzi 160 kwa dakika 15 hadi 20. Vibaki vyeupe, chini tu vipate rangi. Usiviguse mpaka vipoe kabisa, vya moto huvunjika vikawa unga. Ndani ya bati lililofungika vyakaa wiki mbili bila shida. Watoto wapeni kazi ya kupasua iliki na kuviringa, hapo hawaharibu kitu.

Na mkimpigia simu bibi huko: mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi twawatangulia kwa saa 2, baada ya hapo ni saa 3. Msimwamshe mtoto.

Umm_Kibokoni (Jumatatu, saa 3 usiku)

Shukran sana nyote. Sampuli kwa milimita 4 imetoa 22 kamili, ukingo umeisha na kofia imefika sentimita 6. Mkate wa leo umeumuka dakika 50, haukubonyea, uchachu hakuna. Limebaki moja: chini umeungua duara la katikati, kando ni mweupe.

MpishiWaMakadara (Jumatatu, saa 4 usiku)

Sufuria yako ni nyembamba na makaa ya chini yamekaa lundo katikati. Yasambaze yafuate ukingo wa jiko, katikati pawe wazi, na kila dakika 5 zungusha sufuria robo. Kama bado yaungua, weka bati bapa baina ya sufuria na jiko.