Nimegonga tela lililoharibika usiku, trafiki anasema kosa lote ni langu

MamaWawili
Habari zenu wakuu. Naomba msaada, hasa kwa mnaojua mambo ya ajali na bima.

Jumamosi tulikuwa tunatoka Morogoro kurudi Dar, usukani nimeshika mimi. Tumeshapita Mikese, bado hatujafika Chalinze, giza limeingia. Mbele linakuja basi limewasha taa kali. Lilipopita tu nikaona tela mbele yangu, limesimama kwenye lami, nyuma halina taa hata moja. Nilikanyaga breki nikakwepa kulia, lakini pembe ya tela ikachana upande wote wa kushoto wa gari. Mume wangu alikuwa kiti cha kushoto, amevunjika mkono.

Pembetatu haikuwepo. Kulikuwa na matawi ya mti, nayo hatua chache tu kutoka kwenye tela. Trafiki akaniambia aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa, niende mahakamani nikubali, nilipe faini yaishe. Mwenye lori naye anapiga simu anadai nimlipe taa na bampa. Nina bima ndogo. Kweli kosa lote ni langu?

Kijana wa Kibaha
Pole sana dada. Ila ukigonga nyuma umeshakosa. Gari lililosimama haliwezi kukugonga. Lipa uendelee na maisha.

MkaguziMstaafu
Pole dada, na mgonjwa apone haraka.

Kijana, kauli yako hiyo imewanyima watu haki zao. Nimekagua magari ya ajali kwa ajili ya kampuni za bima karibu maisha yangu yote ya kazi. Kugonga nyuma ni mahali pa kuanzia uchunguzi. Hukumu ni jambo jingine, na trafiki hatoi hukumu.

Piga hesabu. Gari likiwa kwenye 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Matawi yakiwa mita 10 nyuma ya tela, dereva anayapita kabla mguu haujafika kwenye breki. Tena matawi hayaakisi mwanga. Mwenye lori lililoharibika ana wajibu wa kulitoa kwenye lami kama linasogea, na kuweka alama zinazoakisi mwanga, mbali kiasi cha kumwezesha anayekuja kusimama.

Wewe nawe utaulizwa mwendo wako, na kwa nini hukupunguza zile taa za basi zilipokupofusha. Jibu kwa ukweli. Mahakama inaweza kuligawa kosa kati yenu, na fidia yako ikapungua kwa sehemu utakayobebeshwa. Mumeo hakuwa na usukani, kwa hiyo madai yake dhidi ya wenye lori yanasimama hata wewe ukionekana na sehemu ya kosa. Ana miaka 3 ya kufungua kesi. Itunzeni PF3 yake, ile fomu ya polisi ya matibabu.

Nakusihi, usikiri kosa kwa sababu umechoka kuzungushwa. Kwa Sheria yetu ya Ushahidi, ukitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo inathibitisha kwamba kosa ulilitenda. Wakili wao ataibeba kwenye kesi ya madai.

Bima ndogo haitengenezi gari lako, ila madai ya mwenye lori ni ya bima yako kuyajibu. Usimlipe, usimwahidi kitu. Itaarifu kampuni yako leo. Halafu chukua namba ya kichwa na namba ya tela, maana kila kimoja kina bima yake, uzihakiki zote mbili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya kusimamia bima.

Na rudini pale mapema na futi ya kupimia. Alama za matairi, vipande vya taa, matawi yenyewe: pimeni, pigeni picha. Mvua moja tu, vimekwenda.

SemiTunduma
Mimi naendesha semi, Dar–Tunduma, na namuunga mkono mzee. Beringi ikifa tela halisogei, hapo dereva simlaumu. Lakini kutembea hatua mia kurudi nyuma kuweka pembetatu hakumshindi mtu. Watasema zinaibwa. Ni kweli zinaibwa, basi tandiboi akae kule na tochi. Hawa wanaotupa matawi kisha wakalala ndani ya kebini wanaua watu.

Dada, waulize wanaouza mkaa na mahindi karibu na pale. Wao wanajua lori lilisimama saa ngapi.

MamaWawili
Asanteni sana, Mungu awabariki. Shemeji amekwenda leo. Muuza mkaa mmoja anasema lilisimama tangu saa nane mchana, na yuko tayari kuandika maelezo polisi. Lori limevutwa mpaka kituoni, ila nasikia kesho wanataka kuliondoa na mkaguzi wa magari hajaliona. Naweza kulizuia?

MkaguziMstaafu
Wewe huwezi, mkuu wa kituo anaweza. Muandikie barua leo, omba tela likaguliwe taa, viakisi na breki kabla halijaguswa, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Omba pia ramani ya tukio ioneshe tela lilikuwa limekaa wapi kwenye lami na matawi yalikuwa umbali gani. Jioni nenda na shemeji mpige picha nyuma ya tela kwa tochi. Kama viakisi vimejaa matope vitaonekana hapo hapo.